Tarehe Chini ya Kiti

2 Machi

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na wasichana wako wa bweni nao wazima, wale wanaolia kwa kukumbuka kwao na wale wanaowaliza wenzao. Sisi huku tuko salama kiasi. Nasema kiasi kwa sababu ulinikataza kukudanganya.

Utashangaa kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Kaka ameanza tena kuiogopa. Nikishika simu anaacha kusuka viti vyake vya kamba, anageuza kichwa, anangoja kusikia jina lake. Nikitoka nje kuongea ndiyo nimeharibu kabisa, maana sasa imekuwa siri. Kuandika hakumsumbui. Anajua nasahihisha vitabu vya kiwanda cha chapa, na karatasi zako na zao zinalala meza moja. Leo asubuhi nilikuwa na jiografia ya darasa la sita, akaniuliza, "Bado wanakosea mito ileile?" Nikamwambia mito iko sawa, safari hii ni milima. Akacheka mpaka akaangusha kamba. Kwa hiyo usidhani siku zote ni kilio.

Lakini kalenda si nzuri, dada. Naifuata kama ulivyonifundisha: kila siku kabla ya chakula cha jioni, nukta moja kwenye tarehe. Ya kijani siku ikiwa tulivu, ya njano ikiwa na mawingu, nyekundu ikiwa mbaya. Tangu uliponiachia zile penseli tatu, mwaka mmoja na miezi miwili sasa, sijaruka hata siku moja. Nukta zangu zote zina ukubwa mmoja. Nazungusha ncha mara tatu, basi. Februari ilikuwa na nyekundu kumi na moja. Daktari aliishika ile karatasi akasema kalenda yetu inamsaidia kuliko maneno ya jamaa wote wanaokuja kliniki. Akaongeza dozi. Nilitoka pale kichwa kimevimba kwa sifa, kisha nikakumbuka nimesifiwa kwa ajili ya nini.

Wale wageni wake, zile sauti anazozisikia peke yake, hajawataja wiki hii. Wewe unajua kwamba kutowataja si kutokuwepo.

Likizo ya Aprili utakuja? Hata siku nne. Si kwamba nimeshindwa. Nataka tu kukaa chumba kimoja na mtu ambaye sina kazi ya kumwangalia.

Mdogo wako

11 Machi

Profesa wangu, mdogo wangu,

Barua yako imefika bila shikamoo. Nimeitafuta hadi ndani ya bahasha, labda ilidondoka njiani. Marahaba hata hivyo. Mimi mzima, ila magoti yameanza kunisemesha nikipanda ngazi za bweni. Wasichana wazima kupita kiasi. Mmoja ameandika kwenye mlango wa choo kwamba matroni, yaani mimi, ana masikio ya popo. Nimemtafuta nimpongeze, maana ni kweli, lakini hakuna aliyekiri.

Aprili sitaweza. Shule inapaka rangi mabweni na mwalimu mkuu anataka matroni awepo kuhesabu vitanda vinavyotoka na vinavyorudi. Najua utakavyoisoma sentensi hiyo. Usiisome hivyo.

Msalimie kaka yako, Fundi wetu. Bado anaandika tarehe kwa penseli chini ya kila kiti anachomaliza? Niliwahi kumuuliza kwa nini hasaini jina lake kama mafundi wengine, akanijibu, "Jina langu linajulikana. Siku ndizo zinazopotea." Maneno hayo nilikaa nayo mwaka mzima.

Sasa wewe. Umeniandikia kurasa mbili na humo ndani haumo. Unakula? Unalala? Yule kijana wa mitambo ya chapa aliyekuwa akikuletea maandazi bado yupo, au nawe umemsahihisha hadi akakimbia?

Umeniandikia pia zile sifa za daktari kuhusu kalenda. Nimeifunga barua yako, nikaifungua tena. Basi, tuyaache. Endelea kujikaza, lakini usijikaze mpaka ukakatika.

Dada yako

20 Aprili

Shikamoo dada,

Hiyo hapo, nimeiweka mbele kabisa uione. Natumaini rangi za bweni zimekauka na magoti yamenyamaza. Mimi nalala, nakula. Kijana wa chapa alihamia tawi lingine tangu Desemba, na nilitambua wiki tatu baadaye. Hilo likutoshe kuwa jibu.

Machi ilikuwa na nyekundu kumi na sita. Daktari ameongeza dozi mara ya pili.

Sasa mikono ya kaka inatetemeka. Haikuanza kwa kishindo. Kwanza alikuwa anakosa tundu anapopitisha kamba, anarudia, anakosa, anarudia. Halafu akaanza kusuka kingo za kuzungusha kamba tu, zisizotaka macho. Wiki iliyopita aliziviringisha kamba zote, za bluu peke yake na nyeupe peke yake, akazifunga, akaziweka juu ya kabati. Fremu nne za wateja zimeegemea ukuta bila vikalio. Anatembea kwa kuburuza miguu kama aliyevaa viatu vya baba. Daktari anasema ni dawa, kutetemeka kunaweza kupungua mwili ukizoea, na kwa nyekundu kumi na sita hawezi kuishusha.

Nina jambo la kukuambia na sitaki ulijibu. Kijiko chake sasa kinagonga bakuli kila anapokula. Anajitahidi, lakini mkono haumtii. Juzi nilikuwa naifuata sentensi moja kwa mara ya tano na kile kijiko kinagonga, nikasema, "Hivi huwezi kula kimya?" Akakiweka chini. Akala kwa vidole, taratibu, bila sauti hata moja, na alipomaliza akauliza, "Hivi ni sawa?"

Tangu hapo nimepata mahali pa kujificha. Ofisi ya maji. Nikienda kiwandani kupeleka kurasa, wakati wa kurudi naingia pale, nachukua karatasi ya namba, nakaa kwenye viti vya chuma chini ya feni. Sina shida yoyote ya maji. Namba yangu ikikaribia namgawia mtu aliyechelewa, nachukua nyingine. Watu wananishukuru sana. Kuna mzee mmoja aliniombea dua. Nakaa saa nzima, dada, siku nyingine saa mbili, na ninachofurahia ni kwamba kila mara mle ndani anaitwa mtu mwingine.

Jumatatu mlinzi aliniuliza, "Dada, bomba lako lina ugonjwa gani usiopona?" Nikacheka kama watu wengine wanavyocheka. Nilipofika njiani nikajikuta nimesimama mbele ya duka la vitasa, nashindwa kukumbuka kama nimeelekea nyumbani au natoka.

Mdogo wako

3 Mei

Mdogo wangu,

Pole. Andika neno hilo mahali ulione, kwa sababu najua wewe husomi pole, unaruka kwenda aya inayofuata. Pole sana.

Huku wazima wote. Habari za wasichana tuziache leo.

Habari ya mikono yake haijaniondoka. Nimekuwa naiwaza bwenini, chakulani, hata kwenye mkutano wa wazazi. Umesema nisijibu habari ya kijiko na sijibu. Najibu kalenda. Nyekundu kumi na sita kwa mwezi ni nyingi mno. Mwaka mbaya kuliko yote tuliowahi kuwa nao, ule aliofariki mama, hazikufika hapo. Na katika barua zako mbili hujaniandikia hata siku moja mbaya ya kwake. Umeniandikia anacheka habari za mito. Umeniandikia anaviringisha kamba kwa rangi. Nioneshe nyekundu.

Fanya hivi. Chukua karatasi ya Februari, chagua nukta nyekundu moja, yoyote, na uniandikie alifanya nini siku ile. Alipiga kelele? Alitoka bila viatu? Aligoma kula? Moja tu.

Dada yako

19 Mei

Shikamoo dada,

Sijui kama u mzima, na leo sina nguvu ya kuuliza kwa mapambo. Uwe mzima tu.

Nilichukua karatasi ya Februari kama ulivyosema. Nikachagua tarehe kumi na nne. Niliikumbuka siku ile vizuri sana. Kitabu cha sayansi kilikuwa kimetoka kiwandani kina sura ya saba mbili na hakina ya nane, bosi akanisomea mashtaka mbele ya watu wa mitambo, nikaenda kujifungia chooni. Nikarudi nyumbani nikaukuta mlango haujafungwa vizuri, nikaanza kumwita kaka kabla hata ya kuvuka kizingiti. Alikuwepo. Nikapika, nikachora nukta.

Lakini yeye alifanya nini? Dada, nilitafuta, nilitafuta. Palikuwa pameandikwa mimi tu.

Nikachukua tarehe ishirini. Hivyo hivyo. Tarehe tatu nilikuwa na homa. Tarehe tisa ilikuwa siku ile niliyolia kwa sababu chumvi imemwagika.

Nikajiambia kumbukumbu yangu imechoka, siwezi kuitegemea. Ndipo nikakumbuka ulichoandika kuhusu tarehe zake chini ya viti. Nikaikunja kalenda nikaitia mfukoni, nikaenda kwa mwalimu mstaafu, jirani yetu, ambaye kaka alimsukia viti sita vya sebuleni. Nikaomba kuvigeuza. Alikuwa amekikalia kimoja. Akasimama, akasema, "Kigeuze mwanangu, hata mimi ukitaka nigeuze." Nikavipindua vyote sita katikati ya sebule, miguu juu, nikapiga magoti na kalenda yangu.

Tarehe tatu Februari. Tarehe tisa. Tarehe kumi na nne. Tarehe ishirini. Na mbili za Januari. Mwandiko wake ule uliosimama wima, penseli imekandamizwa.

Nilitoka pale nikaenda duka la dawa, ambako alisuka benchi la wagonjwa. Muuza duka alidhani natafuta kunguni, akaanza kuapa mbele ya wateja kwamba hawana. Tarehe ya benchi ni saba Machi. Kwenye kalenda ni nyekundu. Nikaenda kwa mama wa saluni: viti viwili, nyekundu moja, njano moja.

Wewe unajua kazi ile inavyotaka utulivu. Akisumbuliwa na wageni wake hawezi kufika hata safu ya tatu, anasuka na kufumua. Kiti kizima kwa siku moja ni siku ya kijani, tena kijani kibichi. Siku zangu mbaya kuliko zote yeye alikuwa amekaa barazani anasuka, anawakaribisha wateja, anamaliza, anaandika tarehe.

Nilikuwa nachora nukta zangu. Sikudhamiria, nakuapia. Jioni nilikuwa najiuliza leo ilikuwaje na jibu lililokuja nililiandika. Sijui ni mwezi gani nilipoacha kumtazama yeye. Nimefanya kazi ya kutafuta makosa ya watu zaidi ya mwaka mzima, dada, na kosa hili nimelichora kwa mkono wangu, nukta zote ukubwa mmoja.

Na daktari aliongeza dawa. Mara mbili. Uchovu wangu ameumeza kaka.

Kliniki ni tarehe ishirini na tisa. Naogopa kwamba nikisema ukweli hawatanisikiliza tena wala hawatamwacha mikononi mwangu, na nikinyamaza mikono yake itabaki hivyo. Niambie nifanye nini. Njoo, tafadhali. Sikuombi siku nne tena. Nakuomba uje.

Mdogo wako

9 Juni

Shikamoo dada,

Siku ishirini na moja na hujajibu. Natumaini hauumwi. Nilipiga simu shuleni kwako kutoka dukani, mwalimu wa zamu akasema matroni yuko mzima, yuko kwenye gwaride la usafi. Basi nimejua u mzima.

Nimesema. Nilianza na kaka, kwa sababu nilifikiri si haki asikie mbele ya watu. Nilimkuta barazani, mikono ameikalia ili isitetemeke. Nikamwonesha kalenda na zile tarehe nilizonakili. Nikamwambia hizi nyekundu zilikuwa zangu. Nilikuwa tayari kwa matusi. Unajua alisema nini? "Mimi nilijiona mzima. Lakini nikiangalia ukutani naona nyekundu. Nikasema, huyu amesoma, huenda anaona kitu nisichokiona."

Aliiamini kalenda kuliko alivyojiamini mwenyewe. Miezi minne.

Kliniki nilitangulia kuongea kabla ya kukaa. Daktari alisikiliza, akaziweka karatasi zote juu ya meza, akavua miwani. Nilingoja anifukuze. Akamgeukia kaka, akasema, "Na mimi sikukuuliza wewe hata mara moja. Ilikuwa rahisi kusoma karatasi." Atashusha dozi hatua kwa hatua, si kwa mkupuo mmoja, na kila wiki mbili turudi. Mikono inaweza kutulia. Hakuapa, na nilimheshimu kwa kutoapa.

Muuguzi aliyekuwa anapima presha akaniuliza, "Na wewe, dada, unalala?" Nikasema nalala. Kaka akasema, "Halali." Nikasema nalala kidogo. Kaka akasema, "Anakaa kitandani na viatu." Muuguzi akanipima mimi presha. Akaita mwenzake aje aitazame namba. Wamesema nipumzike mbali na nyumba, si chini ya mwezi, kama sitaki kulazwa kitanda cha pili karibu na kaka. Alisema kama utani lakini hakucheka.

Nimemwambia nina dada.

Mdogo wako

30 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Mimi mzima wa mwili. Nimeiandika barua hii mara nne, na mara tatu nimeichana. Hii nitaiweka kwenye bahasha kabla sijaisoma tena.

Hukukosea peke yako.

Mwaka ule wa mwisho kabla sijaondoka nilikuwa nimeishiwa, kama wewe sasa. Miaka tisa, tangu mama akiwa hai. Nafasi ya umatroni ilipojitokeza nilijua kwamba daktari hataniambia nenda kama kalenda ina wekundu. Wewe ulikuwa unamaliza chuo, mgeni wa haya yote, na nisingeweza kukuachia mgonjwa aliye katikati ya dhoruba. Basi nikamfanya apone kwa penseli. Kuanzia Septemba mpaka Desemba nilichora kijani. Aliongea na ukuta siku mbili mfululizo, nikachora kijani. Alifumua godoro kutafuta waya, nikashona godoro, nikachora kijani. Daktari alifurahi. Akashusha dawa. Januari nikapanda basi nikiwa na sanduku moja na wewe ukinipungia mkono na zile penseli tatu mkononi.

Machi yake alianguka vibaya mno, na ulinipigia simu unalia, unasema, "Nimekosea wapi? Nimefanya kila kitu ulichosema." Nakumbuka nilijibu, "Hujakosea, magonjwa ndivyo yalivyo." Nilikuwa nimesimama kwenye ghala la mablanketi. Nililia hapo hapo, nikajipangusa na blanketi la shule, nikatoka kuita wasichana majina.

Ndiyo maana siji. Si rangi za bweni. Naogopa ile sebule. Naogopa ukuta wenye kalenda. Uliponiandikia kwamba daktari ameisifu nilitaka kukuambia, nikaandika habari za masikio ya popo.

Sikuombi unisamehe kwa barua ijayo. Nakuambia nilichofanya. Shule inafungwa tarehe mbili Agosti. Tarehe tatu niko mlangoni. Ufunguo wa chumba changu cha hapa bwenini nimeufunga ndani ya bahasha hii. Kuna kitanda, dirisha linaloangalia uwanja, na hakuna mtu yeyote utakayemwangalia. Mwalimu mkuu anajua unakuja. Ukitaka kulala wiki nzima, lala.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo

10 Julai

Dada,

Nimesoma.

Mwaka mzima nililala nikiwa na deni la kosa ambalo halikuwa langu. Kila nilipochora nyekundu nilikuwa najiadhibu kwa ile Machi. Sasa naona kwa nini nilikuwa mwepesi sana wa kuiona nyekundu. Nilikuwa naapa haitanipita tena.

Nimemsomea kaka barua yako. Nilidhani itamshtua. Alisema, "Najua. Alikuwa anachora kijani huku analia. Nilimwachia, alikuwa anataka kwenda." Kisha akasema chai imepoa.

Mtu huyu tunayemlinda ametubeba sote wawili mgongoni, na sisi tukawa tunahesabu kama amekunywa vidonge.

Njoo tarehe tatu. Nitaondoka tarehe nne. Sijui kama nitarudi. Nakuandikia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo leo, na nimeacha kuandika siku ya kijani wakati siioni.

Ufunguo umefika.

Mdogo wako

15 Agosti

Mdogo wangu,

Hujambo huko? Mlinzi wa shule hajakusumbua? Ni mtu mwema, ila hupiga kengele ya saa moja hata likizo, ameshindwa kuacha.

Ulipopanda basi hatukusemezana vizuri, na sitaki kujifanya tulisemezana. Ulinikabidhi dawa, namba za kliniki, na ile orodha yako ndefu ya maelekezo yenye vichwa vya habari na vifungu, halafu ukasema, "Kwaheri." Nimeifuata orodha mpaka kifungu cha sita. Cha saba kinasema nisimwamshe kabla ya saa mbili, na kila siku ananiamsha yeye saa kumi na mbili na nusu kuniuliza kama nakoroma kwa makusudi.

Siku ya kwanza niliogopa kuingia sebuleni. Fundi akanishika mkono kama bibi harusi, akanikalisha, akasema, "Ukuta hauumi." Kalenda ameiondoa yeye mwenyewe. Hajaitupa, ameigeuza, anachorea vipimo vya fremu upande ule mweupe. Jioni ananiuliza, "Yako ilikuwaje?" Namwambia yangu. Ananiambia yake. Tukitaka kubishana tunabishana. Juzi alisema wageni wake walikuja asubuhi wakaondoka kabla ya chakula, na nikamwambia magoti yangu yalikuja asubuhi na bado yapo. Kliniki ya wiki iliyopita alijieleza mwenyewe, mimi nikakaa kimya kama ulivyoniandikia katika kifungu cha tano, na haikuwa rahisi, unanijua.

Dozi imeshuka mara ya tatu. Mikono bado, lakini kijiko sasa kinagonga mwanzo wa chakula tu. Jumapili ya kwanza alizishusha zile kamba juu ya kabati, akazifungua, akaanza kiti. Alisuka safu mbili, akafumua moja. Jumatatu safu mbili. Mwalimu mstaafu anakuja kukaa naye alasiri na anajifunza kusuka, ni mwanafunzi mbaya sana, Fundi anamwita mbele ya watu, "Mwalimu, kaa dawati la nyuma." Wanacheka mpaka wananiudhi. Mwalimu amesema hata shule zikifunguliwa ataendelea kuja alasiri zote isipokuwa Ijumaa. Mimi nimeongea na mwalimu mkuu wangu: kila likizo nitakuwa hapa, zote tatu, imeandikwa na kusainiwa. Sikwambii ili urudi. Nakuambia ili ujue kilichopo.

Alichukua siku tisa kumaliza kile kiti. Kina kosa safu ya nne, ukitazama utaliona, nami nimekatazwa kukuambia. Ni chako. Nimekitia kwenye buti la basi leo, kondakta ameahidi kukishusha getini.

Sitakuuliza utarudi lini. Yeye pia amekatazwa kuuliza, ameuliza mara mbili tu.

Dada yako

27 Agosti

Shikamoo dada,

Mimi mzima. Naandika neno hili na nimeliangalia mara mbili kama lina kosa. Natumaini nanyi hamjambo, magoti, wageni na mwanafunzi wa dawati la nyuma.

Siku sita za kwanza nililala. Kengele ya mlinzi iliniamsha kila asubuhi, nikawa nakaa kitandani nikisikiliza nyumba ambayo haina mtu wa kusikilizwa, kisha nalala tena. Siku ya saba nilivua viatu kabla ya kupanda kitandani, nikacheka peke yangu, nikataka kumwambia kaka. Siku ya kumi nilitembea vyumba vyote vya bweni. Nimekuta kwenye mlango wa choo yale maandishi ya masikio ya popo. Hukuyafuta, hata mabweni yalipopakwa rangi. Chini yake pana mwandiko wako, umesahihisha tahajia.

Nilikukasirikia hapo katikati, sana. Niliandika barua mbili ambazo sikuzituma. Halafu nikalala kwenye kitanda chako, nikaona ukutani mikwaruzo midogo midogo ya penseli, ya kijani, karibu na mto. Sikuhesabu. Nilielewa tu kwamba hata huku, miezi yote hiyo, ulikuwa unajaribu kumponya kwa mbali. Hasira haijaisha yote. Iliyobaki naweza kusafiri nayo.

Nitapanda basi tarehe nne Septemba, nifike wewe ukiwa bado hujaondoka, tukae siku moja sote watatu. Nimechagua mwenyewe. Ile orodha yangu ichaneni. Ninayoyahitaji atanieleza yeye nikimuuliza.

Kiti kilifika siku ya pili yake. Kondakta alikishusha akakikalia kwanza yeye, akasema fundi wake anajua kazi. Nimekiweka dirishani, na hapo ndipo kitakapobaki, sitakuja nacho. Nitakikuta Desemba, likizo yako ikianza na zamu yangu ya kupumzika ikifika.

Nimekikalia kila siku tangu hapo, na nimekikalia ninapoandika haya. Ile safu ya nne sijaitafuta. Chini yake najua kuna tarehe, na mwandiko wake ungenionesha mkono ulioiandika ulikuwa unatetemeka kiasi gani siku ile, au haukutetemeka. Ningeweza kuinuka nikatazama.

Sijakigeuza.

Mdogo wako